Kipanya Huchaguliwa kwa Mkono Wako, Si kwa Boksi Lake

Kwa sisi tunaosanifu kadi, mabango na kalenda katika karakana za uchapishaji za Barabara ya Nasser jijini Kampala, kipanya ndicho chombo kinachokaa mkononi muda mrefu kuliko kingine chochote, na bado ndicho kinachonunuliwa kwa haraka kuliko vyote. Mtu atalinganisha kompyuta kwa siku kadhaa, ataulizia kumbukumbu na ukubwa wa skrini, kisha atachukua kipanya cha kwanza kilichopo kaunta kwa sababu rangi yake inapendeza, au kwa sababu muuzaji amemwambia, "Dada, vyote ni sawa tu." Havilingani hata kidogo. Nimetumia aina nyingi katika kazi hii, na ninaamini kwamba hakuna kipanya kilicho bora kwa kila mtu; kipo kinachoufaa mkono wako, meza yako na kazi yako, nacho hakijulikani mpaka ukishike.

Hata waliokibuni walikuwa na mtazamo huo. Kipanya cha kwanza, ambacho Bill English alikiunda mwaka 1964 kutokana na wazo la Douglas Engelbart, kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake. Kabla ya kukionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kundi lao lilikuwa limekwisha kukipima pamoja na kalamu ya mwanga, kijiti cha kuelekezea (joystick) na hata kifaa kilichosogezwa kwa goti. Walitaka kuona watu wanavyofanya kazi navyo. Mnunuzi wa leo anaweza kufanya jambo hilohilo akiwa dukani.

Anza na ukubwa. Fundi cherehani hanunui mkasi bila kupitisha vidole vyake ndani ya mishikio, na kipanya nacho kinastahili uangalifu huo. Wapo wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya, na hao wanahitaji chenye mgongo mrefu unaoujaza mkono. Wapo wanaokishika kwa ncha za vidole huku kiganja kikiwa juu, na hao hufaidika na kifupi na chepesi. Vile vidogo sana vinavyouzwa kwa ajili ya kompyuta za mapajani vinafaa safarini, lakini mwenye mkono mkubwa akivitumia kutwa nzima, vidole vitabaki vimekunjwa na misuli ya kidole gumba itaanza kuuma. Maumivu au ganzi isiyoisha hata baada ya kupumzika ni jambo la kumpelekea daktari.

Kisha omba kukichomeka. Muuzaji mwaminifu hatakataa, na anayekataa amekwisha kukupa jibu. Fungua Paint, programu ya kuchorea ya Windows, bonyeza kitufe cha kushoto bila kukiachia, na uchore duara kubwa polepole, halafu jingine kwa kasi. Mstari ukikatika katikati ilhali kidole hakijaachia, swichi ya kitufe ina kasoro. Kielekezi, yaani ule mshale wa kwenye skrini, kikirukaruka, kihisio kinachosoma mwendo wa kipanya hakifai au uso wa kaunta haukifai. Bofya faili mara moja, taratibu, mara nyingi mfululizo: ikifunguka kana kwamba umebofya mara mbili, kiache hapohapo, kwa maana huo ndio ugonjwa unaovipata vipanya ambavyo vipande vya chuma ndani ya swichi vimechoka, na katika kazi ya kupanga kurasa ugonjwa huo huhamisha vitu usivyokusudia kuvigusa. Zungusha gurudumu la kati juu na chini kwenye ukurasa mrefu, uone kama ukurasa unarudi nyuma wenyewe. Majaribio haya huchukua muda mfupi, na yanafichua bidhaa bandia nyingi zilizobandikwa majina makubwa.

Uso wa meza una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kipanya cha mwanga hupiga picha ndogondogo za sehemu iliyo chini yake, maelfu kwa sekunde, na kuzilinganisha ili kujua kimesogea upande gani. Kwenye kioo au ubao unaong'aa sana hakioni alama za kulinganisha, ndiyo maana hupotea njia. Vipo vya bei ya juu vinavyoweza kusoma hata kwenye kioo kinene, lakini kwetu, ambako mabaki ya karatasi hayakosekani, kipande cha karatasi nzito isiyong'aa kinatosha kabisa.

Kuhusu kasi, nina msimamo mkali kidogo. Windows huja na mpangilio unaokifanya kielekezi kiende mbali zaidi pale mkono unapokwenda kasi, hata kama umbali wa mkono ni uleule. Kwa kusoma na kuandika barua hauna madhara. Kwa anayevuta vile vinukta vinavyopinda mstari katika programu ya usanifu ya CorelDRAW, akitengeneza mapambo ya jina la bibi harusi kwenye kadi ya kwanjula, sherehe ya utambulisho ya Waganda, mpangilio huo ni kikwazo, kwa sababu mkono hauwezi kujifunza umbali usiotulia. Uzime, vumilia siku chache za mwanzo, na mkono utazoea. Namba kubwa za DPI, yaani kipimo cha wepesi wa kipanya kuhisi mwendo, zinazotangazwa kwenye maboksi zisikusumbue. 800 hadi 1600 zinatosha kwa kazi zetu nyingi.

Kifaa ninachokipenda mimi binafsi ni trakiboli, yaani kile kinachokaa mahali pamoja huku mpira wake ukizungushwa kwa vidole. Vyumba vyetu ni vyembamba na meza zimejaa sampuli, wino na risiti, kwa hiyo kifaa kisichohitaji nafasi ya kutembea ni neema. Bega hupumzika na kifundo cha mkono hakizunguki. Zipo zinazoendeshwa kwa kidole gumba na zipo zinazoendeshwa kwa vidole vya kati. Ninapendelea za pili, kwa kuwa kidole gumba tayari kina kazi nyingi kwenye simu. Lakini trakiboli inadai usafi. Vumbi la kiangazi likichanganyika na mafuta ya ngozi hujikusanya kwenye vile vishikizo vidogo vinavyoubeba mpira, na mpira huanza kukwama ukienda upande mmoja. Sukuma mpira utoke, futa vishikizo kwa kitambaa kikavu au kijiti cha pamba, ufute na mpira wenyewe, urudishe. Asiye tayari kufanya hivyo mara kwa mara asiinunue.

Wanaonunua kompyuta za mapajani aina ya ThinkPad zilizokwishatumika, ambazo ni nyingi madukani mjini, watakuta kifundo chekundu katikati ya kibodi. Wasikidharau. Ukikizoea unasogeza kielekezi bila kuondoa mikono kwenye herufi, na kofia yake ikiisha makali hubadilishwa. Kielekezi kikianza kutembea chenyewe, ondoa kidole kwa muda mfupi, nacho kitatulia. Tachipadi, ile sehemu bapa ya kupapasa iliyo chini ya kibodi, kwangu ni ya dharura, hasa wakati wa joto, kwani kidole chenye jasho huichanganya.

Vipanya visivyo na waya ni vizuri, ila kipokezi chake, kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, kikiwekwa jirani na flashi ya USB 3, kielekezi huweza kukwamakwama kutokana na mwingiliano wa mawimbi. Kihamishie tundu la mbali.

Namalizia na wanaotumia mkono wa kushoto, ambao karakana nyingi huwasahau. Vitufe hubadilishwa kwa urahisi kwenye mipangilio, lakini umbo lililochongwa kwa mkono wa kulia halibadiliki, hivyo wanunue chenye pande mbili zinazolingana. Pale kompyuta moja inapotumiwa kwa zamu, vipanya viwili huweza kuchomekwa kwa pamoja, kimoja kila upande wa kibodi, na vyote vitasogeza kielekezi kilekile. Mpangilio wa vitufe huvihusu vyote viwili, kwa hiyo anayeingia zamu aukague kabla ya kufungua kazi ya mteja.