Maswali na Majibu: Makosa Yaliyomo Katika Faili Ambazo Hujazifungua

Msomaji wa Njiro, Arusha: Ninaandika kwa TypeScript (lugha ya programu) mfumo wa kupokea maombi ya safari za watalii, nikitumia kihariri cha Visual Studio Code. Faili ninayoihariri haina alama yoyote nyekundu, lakini programu nzima inakataa kujengeka. Kwa nini?

Jibu: Kwa mpangilio wake wa kawaida, kihariri hicho hukuonyesha makosa ya faili ulizozifungua tu, ili kompyuta isilemewe na kazi ya kukagua mamia ya faili kila unapobonyeza herufi. Chukua fanksheni inayokokotoa bei ya safari: ukiiongezea kigezo cha tatu cha lazima, kila faili inayoiita kwa vigezo viwili inaharibika papo hapo, nawe huoni lolote kwa kuwa faili hizo zimefungwa. Kidirisha cha makosa, kinachofunguka kwa Ctrl+Shift+M, nacho hubaki kitupu, na utupu huo ndio unaowapotosha wengi. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye folda kuu ya mradi uandike `npx tsc --noEmit`. Amri hiyo hukagua faili zote zinazohusishwa na `tsconfig.json` (faili ya mipangilio ya mradi), huorodhesha kila kosa pamoja na jina la faili na namba ya mstari, wala haizalishi faili mpya. Mimi huiendesha kila mara kabla ya kuhifadhi mabadiliko kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya programu. Jioni moja niliiruka kwa haraka, na asubuhi yake mteja wangu wa Moshi akakuta ukurasa wa malipo haufunguki.

Msomaji wa Kiborloni, Moshi: Je, Python nayo ina njia kama hiyo? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 tu.

Jibu: Inayo. Katika mipangilio ya Visual Studio Code tafuta `python.analysis.diagnosticMode`, uiweke kwenye `workspace` badala ya `openFilesOnly`, na Pylance, kiongezi cha Python cha kihariri hicho, itakagua mradi mzima. Kwa GB 4, hata hivyo, sikushauri uiache hivyo siku nzima. Ni afadhali usakinishe pyright, programu ya kukagua Python, na kuiendesha kwenye terminali unapomaliza kazi. Ufahamu pia kwamba fanksheni ambazo hukuzitajia aina za data hukaguliwa kijuujuu.

Msomaji wa Sakina, Arusha: Nimeendesha ukaguzi wa TypeScript nikapata makosa zaidi ya 200. Nianzie wapi?

Jibu: Usianze na lililo juu ya orodha. Tafuta kwanza yanayosema kwamba moduli haikupatikana, kwa sababu mradi ulionakiliwa kutoka kompyuta nyingine mara nyingi huwa haujasakinishiwa vifurushi vyake, na `npm install` peke yake huweza kuondoa sehemu kubwa ya orodha. Kisha nenda kwenye faili zinazotegemewa na nyingine, hasa zenye maelezo ya aina za data, kwani kosa moja humo huzaa makumi kwingineko. Rekebisha moja, endesha amri tena, uhesabu upya. Nakusihi usilinyamazishe kosa kwa `any` au `@ts-ignore`, maneno yanayozima ukaguzi, ili orodha ifupike, maana kosa litabaki palepale na atakayeligundua ni mteja.

Msomaji wa Majengo, Moshi: Natumia kihariri cha IntelliJ IDEA kwa Java. Nikague vipi mradi mzima?

Jibu: Fungua menyu ya Code, chagua Inspect Code, kisha chagua mradi mzima. Matokeo yatachanganya makosa halisi na maonyo ya mtindo wa uandishi. Soma makosa kwanza.