Kabla Hujageuza FAT32 Kuwa NTFS

Diski yangu ya nje ya GB 500, iliyohifadhi video za harusi nilizopiga Mwanga, Ujiji na Mwandiga, ilitoka dukani ikiwa na mfumo wa FAT32, yaani utaratibu mmojawapo wa kupanga faili ndani ya diski. Mfumo huo haupokei faili moja linalofikia GB 4, hata diski ikiwa nusu tupu, na ndiyo maana siku moja video ya sherehe ndefu ilikataa kuingia ilhali nafasi ilikuwa tele.

Windows ina amri iitwayo convert, ambayo huigeuza diski ya FAT32 kuwa NTFS, mfumo usio na kikomo hicho cha GB 4, bila kufuta kilichomo: data huachwa palepale ilipo, kisha majedwali mapya ya NTFS hujengwa katika nafasi tupu. Niliandika convert E: /fs:ntfs (E: ni herufi ambayo Windows iliipa diski yangu), nikajaza jina la diski nilipoulizwa, nikaenda kunywa chai.

Kikombe hakijaisha, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta yangu ya mezani iliiita diski hiyo RAW, yaani isiyo na mfumo unaotambulika, na kunitaka niifomati, yaani niifute na kuipanga upya, jambo ambalo kwa bahati sikulikubali. Programu ya kuokoa diski iitwayo TestDisk haikunisaidia, ila mwenzake wa bure, PhotoRec, ilizitoa video nyingi na kuziweka kwenye diski nyingine niliyoazima. Tatizo ni kwamba PhotoRec hutafuta faili kwa kuangalia umbo la data na haijali majina, hivyo nilipata folda zilizoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, zimejaa faili zenye herufi f na msururu wa tarakimu. Nilikesha usiku nne nikifungua moja baada ya nyingine, nikizitambua harusi kwa sare za vitenge vya akina shangazi, huku familia moja ya Ujiji ikipiga simu kila asubuhi kuulizia video yao.

Tangu hapo siigusi amri hiyo kabla ya kuwa na nakala kamili mahali pengine. Msomaji atauliza, na ana haki, kwamba mwenye nakala anahangaika na convert ya nini badala ya kufomati na kurudisha vitu vyake. Kwa kweli mimi sasa hufomati. Convert naiachia diski iliyojaa faili nyingi ndogondogo, ambazo kuzirudisha kungekula siku nzima. Hata hapo natanguliza chkdsk E: /f ili kasoro za zamani zirekebishwe, nahakikisha nafasi tupu ya kutosha imebaki, na kazi yote naifanya kwenye kompyuta mpakato iliyojaa chaji, kwa waya usiolegea.

Jambo jingine nililolijua nikiwa nimeshachelewa ni kwamba safari hii haina kurudi: Windows haina amri ya kuigeuza NTFS iwe FAT32 tena bila kufomati. Niliipeleka diski yangu mpya ya NTFS kwenye ukumbi mmoja, televisheni ya zamani iliyokuwa ukutani ikakataa kabisa kuisoma, na kompyuta ya Mac ya mshereheshaji ikaisoma lakini haikuweza kuandika chochote ndani yake. Ndiyo sababu mfukoni sikosi flashi ya GB 16 yenye FAT32, na video ndefu naikata vipande visivyofika GB 4 kabla ya kuondoka nyumbani.