Chaja mpya inaikataa betri

SWALI: Gari langu limekaa miezi mitatu bila kuwashwa. Nimenunua chaja ya kisasa ya ampea 7. Betri ni ya volti 12, ampea-saa 70. Nikiibana inawaka taa nyekundu tu, haichaji. Chaja ya zamani ya fundi wa mtaani inaichaji betri hiyohiyo. Nimeuziwa mbovu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usiirudishe dukani bado. Chaja ya zamani ni transfoma ya kushusha volti na dayodi za kugeuza umeme kuwa DC tu. Inasukuma umeme hata vibanio vikigusana. Ya kisasa hupima kwanza. Ikikuta volti chache mno, haiwezi kujua kama kuna betri iliyokwisha au nyaya zimegusana, basi inajizuia. Kiwango chake kimeandikwa kwenye kijitabu.

Chukua multimita (kipima umeme), iweke kwenye volti za DC, gusa vichwa vya risasi vyenyewe, siyo vibanio. Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa volti zipo na chaja bado inakataa, huenda mkosaji ni ukoko mweupe unaoota kwenye vichwa hivyo: mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae.

Ikisoma volti 2 au 3, itoe garini, hakikisha maji yamefunika sahani za risasi zilizo ndani, kisha iunganishe na betri nzima ya volti 12: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Bana chaja, iwashe. Baada ya dakika 20 zima chaja, ondoa betri nzima, washa tena. Fanyia penye hewa, tafadhali sana. Haidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche moja. Betri iliyovimba usiijaribu kabisa.

Ikikubali, chaja itatoa ampea zote hadi volti 14.4 hivi, itashikilia hapo huku ampea zikishuka, kisha itateremka kwenye 13.6.

Taa ya kijani isikudanganye. Betri iliyolala bila moto hushika salfeti, ukoko mgumu wa chumvi ya risasi, kwenye sahani, volti zikapanda upesi, chaja ikadhani imejaa. Ampea 7 haziwezi kujaza ampea-saa 70 chini ya saa 10. Kijani ndani ya nusu saa ni dalili mbaya. Chomoa, iache usiku kucha, pima. Ikiganda kwenye 10.5, seli moja kati ya sita imekufa, na hakuna chaja itakayoifufua. Iuze kwa wanunuzi wa betri chakavu.