Kano hazina haraka: majibu kwa wapanda miamba wa Goma

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaojizoeza nyumbani na kwenye kuta za mawe ya volkano mitaani. Mengi yanagusa vidole, na tumeyapa nafasi kubwa kwa sababu vidole ndivyo vinavyowatoa wengi mchezoni mapema.

Nasukuma chukudu kila siku, na kwenye chuma najivuta mara kumi na tano bila kushuka. Mbona ukutani vidole vinafunguka baada ya hatua chache? (Kijana, Birere)

Usukani wa chukudu ni mti wa mviringo. Kiganja kizima kinauzunguka na kidole gumba kinakaza upande wa pili. Kwenye jiwe unapata ukingo mwembamba, na uzito wote unakaa kwenye ncha za vidole vinne. Misuli ni ileile, lakini kazi ni nyingine.

Tena angalia, ndugu: misuli huongezeka nguvu ndani ya majuma machache, lakini kano, zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, pamoja na mikanda midogo inayozibana kwenye mfupa wa kidole, huchukua miezi. Mwenye mgongo wenye nguvu kama wako yuko hatarini kuliko mtu dhaifu, maana anaweza kuvuta kupita kile ambacho kano zake zinaweza kubeba.

Miezi mitatu ya kwanza achana na ubao wa vidole, ule wenye kingo nyembamba za kuning'inia. Tembea ukutani kwa upande, miguu isizidi nusu mita kutoka chini: dakika 5 kwenda na kurudi, dakika 5 za kupumzika, mara nne. Siku mbili kwa juma zinatosha. Kila unapoweka mguu, uweke bila sauti na usiusogeze tena. Miguu ikitulia, vidole vinapunguziwa mzigo. Mikono ikijaa na kukaza hadi unashindwa kufunga kifungo cha shati, siku hiyo imekwisha. Na siku uliyoteremsha viazi au makala kutoka Kibumba, hesabu kwamba umeshafanya mazoezi.

Mimi ni seremala. Nipeni vipimo vya ubao wa kuning'inia, na namna ya kuutumia. (Ndosho)

Chukua mbao ngumu, iliyokauka vizuri, isiyo na macho: urefu sm 70, upana sm 15, unene usiopungua sm 3. Juu yake funga vipande viwili vya mbao vyenye urefu huohuo, kimoja kikijitokeza mm 30 kwa wanaoanza ubao, kingine mm 20. Tumia gundi na skrubu, kila sm 10, ukizipitisha kutoka nyuma. Ukingo wa mbele uzungushe kwa msasa. Ukiuacha mkali utakata ngozi na kubana kidole mahali pamoja. Usipake vanishi, vidole vitateleza.

Makosa mengi hutokea wakati wa kufunga. Kwenye nyumba zetu za mbao, ukuta wenyewe haubebi mtu. Tafuta nguzo au boriti inayoshika paa, ufunge hapo kwa skrubu sita ndefu za sm 8 au zaidi. Misumari haifai: mwili unayumba, msumari unatoka kidogo kidogo bila wewe kuona. Kabla ya kupanda mtu, ning'iniza mifuko miwili ya simenti ya kilo 50 usiku kucha, asubuhi ukague kila kiungo.

Pasha mwili joto dakika 15: kamba ya kuruka, kuzungusha mabega, kisha kuning'inia kidogo huku miguu ikiwa chini. Baada ya hapo shika ukingo vidole vikiwa vimekunjwa nusu, kidole gumba kisipande juu ya vingine. Mabega yavute chini, viwiko vilegee kidogo. Sekunde 10, pumzika dakika 3, mara tano. Ukimaliza kila mara uwe bado na nguvu ya sekunde 3 nyingine. Ukishindwa, weka mguu mmoja juu ya kiti. Ukiona rahisi kwa majuma mawili mfululizo, funga bidoni kiunoni na utie lita moja ya maji, yaani kilo moja, wala si zaidi. Fanya siku ya kwanza na siku ya nne. Siku ya posho panda ukuta. Saa 48 kati ya ubao na ubao zisipunguzwe.

Ongeza pompi za sakafuni, seti 3, na ufungue vidole dhidi ya kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, mara 20. Wanaovuta tu bila kusukuma huishia na maumivu ya kiwiko.

Kidole cha pete kililia "ta!" nikiwa nimeshika ukingo mdogo. Sasa kimevimba chini. (Keshero)

Acha kupanda leo. Huenda umechana mmoja wa ile mikanda inayobana kano. Ukikunja kidole ukaona kano inainuka chini ya ngozi, au kidole hakikunji, nenda hospitali yenye ekografi mapema iwezekanavyo. Kama ni maumivu na uvimbe tu, pumzika siku 10 hadi 14, lakini kikunje na kukinyoosha bila mzigo kila siku ili kisikakamae. Kisha rudia kuning'inia miguu ikiwa chini, mzigo mwepesi usioamsha maumivu. Hata jeraha dogo linaweza kudai majuma sita.

Usimruhusu mtu akuvute au kukukanda kidole hicho. Na usimeze dawa ya maumivu ili upate kupanda: unazima onyo, jeraha linabaki palepale.

Mwanangu ana miaka 13, anaiga kaka zake kwenye ubao. Nimwache? (Mama, Himbi)

Hapana, mama. Mifupa ya vidole vyake bado inakua, na karibu na kiungo cha katikati kuna sehemu laini inayoweza kuvunjika taratibu kwa kurudia mzigo mkubwa. Akilalamika maumivu juu ya kiungo hicho kwa zaidi ya juma moja, apigwe picha ya mifupa.

Ile mbao ya ngazi ambayo watu huipanda kwa kuruka kwa mikono pekee, bila miguu, ndiyo asiiguse kabisa. Mjerumani Wolfgang Güllich aliibuni mwaka 1988 huko Nürnberg, akiwa mtu mzima aliyekwisha kuwa miongoni mwa wapandaji bora duniani. Mtoto apande tu, njia nyingi rahisi, na acheze.

Wananiambia nikonde ili nipande vizuri. (Msichana, Katindo)

Usiwasikilize. Ukila kidogo, kano haziponi na mifupa inadhoofika. Hedhi ikikatika miezi mitatu, huo ni ugonjwa, mwone daktari. Mwenye kilo 55 anayefanya mazoezi alenge protini gramu 80 hivi kwa siku: maharagi makavu gramu 100 yana kama 21, yai moja kama 6, na sambaza na sombe yenye karanga zinaongeza. Bugali usiikate; ndiyo nguvu ya ukutani.

Chaki ya shule inafaa?

Haifai sana. Tafuta unga wa magnesiamu kabonati kwa wanaonyanyua vyuma.

Tunataka kupanda miamba ya lava upande wa Bulengo na Lac Vert. Tuangalie nini? (Vijana watatu)

Kwanza mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajaa mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani. Mkiona wadudu au ndege waliokufa, ondokeni mpande juu. Kibiriti si kipimo: moto unaweza kuwaka mahali ambapo mtu tayari anapata kizunguzungu. Ulizeni wenyeji, msilale wala kupumzika kwenye shimo, na mwenzenu akianguka ndani msimfuate kwa kukimbia; wengi hufa kwa njia hiyo.

Pili, jiwe. Lava ina matundu na maganda. Gonga kila mshiko kwa kiganja kabla ya kuuamini: ukilia utupu, uache. Ngozi itachanika haraka, basi saga sugu kwa msasa kabla hazijanyanyuka, na saa moja ya kupanda inatosha.

Tatu, kamba. Kamba ya sokoni, ile ya kufungia mizigo kwenye lori, haivutiki vya kutosha: mtu akianguka, mshtuko mkubwa unaingia mwilini na kwenye fundo. Kama hamna kamba ya kupandia yenye alama ya EN 892 (kipimo cha Ulaya cha kamba zinazovutika), pamoja na mtu aliyefundishwa kuishika, msipite urefu ambao mnaweza kuruka chini kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, mikono isitangulizwe kujikinga.