Kuamini usichokiona: anza na nyuki

Ndugu yangu, umeandika kwamba ukitazama nyota unasisimka, lakini ukianza kuomba unahisi unazungumza na ukuta. Nakuelewa, nami nilikwama hapo miaka kadhaa.

Kilichonisaidia ni nyuki. Yeye huona mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni, kwa hiyo ua ambalo kwetu ni la njano tupu, kwake laweza kuwa na michoro inayomwelekeza kwenye nekta, maji matamu ya ua. Michoro ipo mbele ya macho yetu na hatuioni. Hilo halithibitishi kwamba Mungu yupo (wahubiri wengine hukimbilia huko haraka mno), ila lilinivua kiburi cha kudhani kisichoonekana hakipo.

Jaribu kukaa nje alfajiri dakika 10 bila simu. Ukistaajabu, sema asante, hata kama hujui unamwambia nani. Maswali yako mpelekee kiongozi wa dini asiyekasirika akiulizwa. Akikuambia kuuliza ni dhambi, tafuta mwingine.

Kinachonitia wasiwasi ni pale uliposema hulali na huna hamu ya chochote. Hiyo huenda si imani kupungua, yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Muone daktari wiki hii, na maombi yaendelee.