Mamangu dawa hazimshiki, je, mwili wake umezizoea?

SWALI: Asalaam alaykum, Dada wa Maabara. Mamangu ana kisukari na husumbuliwa sana na mkojo wa kuchoma. Ukimrudia, tunamnunulia vidonge duka la dawa hapa Kisauni, anameza siku mbili tatu, akipata nafuu anaacha. Mara ya mwisho alishikwa na homa ya kutetemeka, akaanza kuweweseka, tukamkimbiza hospitali. Sindano za kwanza hazikumsaidia. Siku ya tatu majibu ya maabara yakatoka, akabadilishiwa dawa ya bei kubwa, na sasa anaendelea vyema. Daktari alisema ni usugu. Je, mwili wa mama umezoea dawa? Na mbona hawakumpa hiyo ya nguvu tangu mwanzo? *Binti, Kisauni*

JIBU: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mpe mama pole, na alhamdulillahi mliwahi. Homa ya kutetemeka pamoja na kuweweseka huweza kuwa dalili kwamba vijidudu vimeshaingia kwenye damu, na hapo hata saa moja ina thamani.

Mwili wa mama haujazoea chochote. Waliogeuka sugu ni bakteria. Wanaoleta ugonjwa wa mkojo mara nyingi ni E. coli, ambao tunao sote matumboni bila kutudhuru. Katika mamilioni yao huwamo wachache ambao dawa haiwaui. Dhaifu wakishafagiliwa, wale wachache hubaki na uwanja wote, na E. coli akistawi hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Tena huambukizana usugu wenyewe kwa wenyewe: kipande kidogo cha chembe za urithi hutoka kwa bakteria mmoja kikaingia kwa mwingine, hata wa aina nyingine kama Klebsiella. Kipande hicho chaweza kumfundisha kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja penisilini, hata seftriaksoni, ile sindano ambayo wagonjwa wengi huanzishiwa wodini.

Siku tatu ulizosubiri nazijua, ndiyo kazi yangu. Mkojo ukifika naupaka kwenye sahani na kuiacha kwenye joto usiku kucha. Kesho yake nachukua vijidudu vilivyoota, navitandaza kwenye sahani nyingine ya jeli inayotokana na mwani, kisha napanga juu yake vipande vya karatasi vya mviringo, upana milimita 6, kila kimoja kina dawa yake. Asubuhi ya tatu nasoma. Dawa inayofaa huzungukwa na duara safi lisiloota kitu. Kuna sahani nikiziinua kwenye mwanga moyo huniuma: ampisilini, septrini, siprofloksasini, seftriaksoni, zote zimezingirwa na vijidudu hadi ukingoni, duara limebaki kwa meropenemu peke yake, sindano ya nguvu.

Kwa nini hawakuanza na dawa ya nguvu kama hiyo? Mgonjwa akiwa mahututi, daktari huweza kuianza mapema. Lakini ikitolewa ovyo, usugu utaifikia nayo, na nyuma yake zimebaki dawa chache sana, kama kolistini, inayoweza kuumiza figo.

Hasira yangu si kwako. Ni kwa yule anayeuza antibiotiki dirishani bila cheti cha daktari, akikatia mtu vidonge kulingana na pesa alizoshika. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dozi hafifu zitawafundisha vijidudu kuihimili. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Onyo tulilipata mapema, jamani!

Sasa ya nyumbani. Sukari ya mama idhibitiwe, maana ikipanda vijidudu hupata nguvu. Anayemsafisha anawe mikono kwa sabuni. Kumtengea sahani na vikombe hakuna haja. Mkojo ukichoma tena, upelekwe maabara kabla hajameza kidonge cha kwanza, na siku za dozi aamue aliyempima. Vidonge vilivyosalia kabatini asipewe mtu mwingine.

Na kabla hamjatoka hospitali, ombeni nakala ya majibu ya maabara. Iwekeni pamoja na kadi yake ya kisukari na muionyeshe kila kliniki atakayokwenda, ili daktari mwingine asije akampotezea siku tatu nyingine kwa sindano ileile iliyoshindwa.