Maswali Yenu: Karafuu, Foleni na Siasa

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza juu ya miaka ya neema na miaka ya dhiki Visiwani Zanzibar. Tumechagua nne.

Assalamu alaykum. Babu husema miaka ya sabini karafuu ndiyo iliyoiendesha serikali, na papo hapo husema watu walipanga foleni kutafuta unga. Nchi yenye fedha inakosaje unga? (Msomaji, Wete)

Wa alaykum salaam. Yote mawili anayosema babu ni kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 biashara ya karafuu iliingia mikononi mwa serikali, na tangu 1968 mnunuzi akawa mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC. Mkulima alilipwa bei iliyopangwa mjini, shirika likauza nje kwa bei ya dunia, na tofauti ikabaki serikalini. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Imo katika matibabu na masomo ya bure, na katika televisheni ya rangi ambayo Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika.

Foleni hazikuletwa na ufukara. Serikali ya Mzee Karume iliamua kulimbikiza fedha za kigeni na kubana uagizaji wa chakula, ikitaka watu walime mpunga na muhogo wao. Mchele, unga wa ngano na sukari vikawa vya mgao. Karume aliuawa Aprili 1972, na chini ya mrithi wake, Aboud Jumbe, kamba ililegezwa kiasi. Kuweka akiba si dhambi. Tatizo ni kwamba waliofungishwa mkaja hawakuwa na pa kuuliza akiba iko wapi: Baraza la Wawakilishi lilianza 1980 tu.

Nani aliiangusha bei, serikali au wazungu? (Msomaji, Chake Chake)

Si huyo wala hao. Mteja wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek. Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi. Mkarafuu huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8, kwa hiyo mche uliotiwa ardhini miaka ya 1970 ulikuwa tayari kutunyang'anya soko katika miaka ya 1980. Karafuu iliyokuwa ikikaribia dola 9,000 kwa tani mwanzoni mwa muongo huo ilikuwa chini ya dola 1,000 katikati ya miaka ya 1990.

Hilo serikali isingeweza kulizuia. Ilichoweza kuamua ni hasara imwangukie nani, na kwa muda mrefu ilimwangukia mwenye shamba. Mashamba yakaachwa yakaota magugu, mikarafuu iliyokufa haikupandwa upya, na karafuu nyingine ikavushwa usiku kwa mashua hadi Kenya. Sheria kali na doria hazikuyamaliza magendo. Yanapungua pale bei ya ZSTC inapokaribia ya Mombasa, kama ilivyoonekana mwaka 2011 bei ilipopandishwa sana na serikali kuahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya nje.

Je, ni kweli upinzani wa Pemba ulizaliwa na karafuu? (Msomaji, Mjini Unguja)

Kwa sehemu tu. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya zao hutoka Pemba huku maamuzi yakitoka Unguja. Lakini kura za Pemba zilikuwa na mwelekeo wake hata kabla ya uhuru, vyama vya ZNP na ZPPP vilipokuwa na nguvu huko. Bei ilipoanguka, malalamiko ya zamani yalipata njaa mpya ya kuyalisha. Mwaka 1995 chama cha upinzani CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na Salmin Amour wa CCM akatangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Anayeeleza yote hayo kwa bei ya kilo anarahisisha mno. Hata kujiuzulu kwa Jumbe, Januari 1984, kulitokana na mzozo wa Muungano.

Kuna mtu anataka kukodi mikarafuu yangu 40 kabla ya msimu, fedha taslimu. Nikubali? (Msomaji, Mkoani)

Piga hesabu kwanza. Chukua wastani wa kilo 3 kavu kwa mti, ukijua kwamba mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Miti 40 ni kilo 120 kavu, sawa na kilo 360 hivi mbichi. Tuseme bei ni shilingi 10,000 kwa kilo: 1,200,000. Toa wachumaji, tuseme 1,000 kwa kilo mbichi, ambayo ni 360,000, na 100,000 za kuchambua, kuanika na usafiri. Unabaki na 740,000. Weka bei ya kweli ya msimu wako, uone. Anayekodi anabeba hatari ya mvua na ya bei, kwa hiyo ana haki ya punguzo, lakini akikupa chini ya nusu anainunua shida yako.

Andikeni mbele ya sheha, na msisahau sharti la matawi: mti si wake, atavunja ili achume haraka, na tawi lililovunjika utalisubiri miaka. Kama shamba ni la eka tatu, yaani lililogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi, soma hati, kwa sababu umepewa kutumia, hukupewa kuuza.

Ukichuma mwenyewe, chambua siku ile ile. Karafuu mbichi ikilala kwenye gunia hupata moto, huchacha, hupauka na kushuka daraja. Anika tabaka jembamba juu ya jamvi, siku 4 hadi 6 za jua, na turubai iwe karibu. Usianike barabarani: vumbi na harufu ya lami vitakukata bei. Imekauka ikivunjika kwa mlio. Makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki ukishachambua, yauze kando, kiwanda cha Wawi huko Pemba huyakamua mafuta.